Kigari cha Fundi Siku ya Ukaguzi

Haya nimeyapata kwa mke wa fundi, Jumapili iliyopita, tukianua mashuka uani kwake. Yeye aliyapata kwa mumewe. Nami nayaandika kama yalivyonifikia.

Ijumaa hiyo, saa nane mchana, fundi wa kuchomelea alikuwa amesimama kwenye uwanja wa ukaguzi wa magari, kofia mkononi. Mbele yake kulikuwa na kigari cha magurudumu manne alichokiunda mwenyewe, cha kumpeleka kazini na vyombo vyake. Injini ilikuwa ya pikipiki. Fremu ndiyo iliyomsumbua, maana sheria inataka kigari chepesi na chuma cha madukani ni kizito. Alizunguka mji mzima akitafuta chuma chembamba, mwisho akakipata nyumbani kwake.

Kisipopitishwa kabla ofisi haijafungwa, kingezuiwa pale uwanjani mpaka Jumatatu. Huo ndio utaratibu wao.

Mkewe naye alikuwa na utaratibu wake. Asubuhi alimwambia, wala hakupandisha sauti, "Kikilala huko, mimi nalala kwa dada yangu." Na huyo mama akishafika kwa dada yake, kumrudisha ni kazi ya ukoo mzima.

Mkaguzi alikuwa mtu wa makaratasi. Alikizunguka kigari mara mbili, akadai risiti ya fremu. Fundi akaitoa, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imekuwa laini kama leso. Mkaguzi akasoma tarehe, akavua miwani, akaivaa tena.

"Fundi, hii ina miaka ishirini na tatu."

"Ndiyo, mkuu. Niliinunua wiki ya harusi. Haijavunjika hata siku moja."

"Inabeba watu wangapi?"

"Wawili. Kukinguruma radi, watano."

Mkaguzi akaandika wawili, kwa sababu fomu haikuwa na mstari wa radi. Akapima. Upana futi tano. Urefu, ukiacha injini, futi sita. Alipofika kwenye egemeo la kichwa, kalamu ikasita. La kigari hiki lilikuwa la mbao, pana kama mlango, limechongwa maua. Sheria inasema liwepo, haisemi lisichongwe. Akaandika: lipo, limezidi.

Balaa likaja kwenye mizani. Kigari kilizidi kilo sita. Mkaguzi akanyoosha kalamu kwenye fito nne za chuma zilizosimama pembeni, zimebeba paa la kitambaa chepesi, akasema paa kama hilo halizuii hata manyunyu. Fundi akajibu kwa upole kwamba halikuwekwa kwa ajili ya mvua. Akazifungua fito, akaziegemeza ukutani. Mizani ikakubali.

Kikabaki kiti. Kanuni inamtaka mkaguzi akae kitini dakika tano, injini ikiwaka, ahakikishe hakichezi. Kiti kilikuwa kirefu, kimevikwa turubai, mtu anakaa amenyoosha miguu. Mkaguzi akapanda. Dakika ya pili akafungua kifungo cha shingo. Dakika ya tatu akafumba macho. Ya nne akaanza kukoroma, na mhuri umo mfukoni mwake.

Ikafika saa tisa na nusu. Ikafika kumi kasoro dakika tano, na saa kumi ofisi inafungwa. Kumwamsha mtumishi wa serikali akiwa kazini ni kujitafutia kesi. Kumwacha alale ni kumpeleka mke kwa dada yake. Fundi akaichungulia fomu kifuani pa mkaguzi, ikipanda na kushuka. Mstari mmoja ulikuwa bado mtupu.

Akabonyeza honi.

Mkaguzi alishika kalamu kabla hajaishika miwani. "Honi inasikika," akasema, akaandika, na mhuri ukagongwa zimebaki dakika tatu. Akishuka alikipapasa kile kiti, akasema amepanda magari ya wakubwa wengi, lakini hili ndilo la kwanza kumsahaulisha mgongo wake.

Fundi akazifunga fito juu ya kigari, akaendesha polepole mpaka nyumbani. Mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa mbele, ule ambao fundi aliupanua mwezi uliopita, majirani wakadhani anafungua duka. Mkoba ulikuwa begani, viatu vya safari miguuni.

"Kimepita?"

"Kimepita."

Akashusha mkoba, akajibana ukutani kukipisha. Kigari kikapanda kizingiti, kikakata kona, kikaingia chumbani, kikasimama mahali pake pa siku zote, kati ya kabati na dirisha. Fundi akasimamisha fito zake nne, na usiku ulipoingia, kabla mkewe hajamaliza kutandika mashuka, yeye keshaanza kukoroma. Mama wa watu akashusha chandarua, akakichomeka pande zote, akazima taa za mbele, akalala.