Njia Mpya ya Nguchiro ya Kupanga Mayai

Atakayebisha akamuulize Kanga. Nguchiro alijigamba kwamba amevumbua njia ya kupanga mayai yote ghalani, kutoka dogo mpaka kubwa, kufumba na kufumbua. Kanga akatoa yake sita ya majaribio, roho mkononi. Kazi ilipokwisha, Bata Mzinga, mkaguzi, akapita akivimba.

"Kila yai limelizidi lililotangulia. Imefaulu!"

"Mzee, mbona yamebaki matatu?" Kanga akauliza.

"Mama, mimi nakagua mpangilio, si idadi."

"Yaliyokataa foleni nimeyatoa," alisema Nguchiro, akijilamba.

Kanga akamgeukia Bata Mzinga. "Haya, mzee, sasa tujaribu na ya mkeo."

Kabla Nguchiro hajanyoosha mkono, yule asiyekagua idadi alikwisha kuyahesabu ya mkewe mara tatu, na ile "imefaulu" yake ameimeza.