Mikono Yote Juu

Umeiona. Usiniambie hukuiona. Ulipita kando ya dirisha la darasa, ukakuta mikono yote juu, ukasema moyoni, "Hapa watoto wanafundishwa," ukaenda zako. Hukutazama vidole. Hukutaka.

Katika shule moja nje kidogo ya mji wa Swedru, vidole vilikuwa na lugha yao. Mbele ya mgeni, mwalimu akiuliza swali, kila mtoto anyooshe mkono wa kulia. Anayejua, kiganja wazi. Asiyejua, ngumi, yaani: nimenyoosha ili mgeni aone, lakini usinichague, sina kitu. Mwalimu anachagua kiganja, mgeni anapiga makofi. Ujanja huo ulikuwa mkongwe kuliko paa la shule. Watoto waliurithishana kama chawa.

Walimu nao walikuwa na ujanja wao. Chini ya kila andalio la somo pana nafasi ya mwalimu kujipima: wameelewa? Kesho nibadilishe nini? Waliijaza Ijumaa, kwa ajili ya wiki inayofuata, kabla hawajafundisha hata neno. "Somo limeeleweka." Mwalimu mkuu, Bwana Arkorful, aligonga mhuri huku akitafuna karanga, maganda yakidondokea kurasa. Inatapisha.

Madam Esaaba wa darasa la sita alijipima baada ya kipindi, ameketi peke yake kwenye dawati la mwanafunzi. "Hawakuelewa," aliandika. "Nilichora keki. Hapa nani amewahi kukata keki? Wanadhani thumuni ni kubwa kuliko robo, maana nane ni kubwa kuliko nne. Kesho nije na kenkey."

Akaja na mbili, madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa. Donge moja wakagawana wanne, la pili wakagawana wanane.

"Kuukua, ungependa kukaa kundi lipi?"

"La wanne, Madam. Hao wanane wananusa tu."

Darasa likacheka, na nusu yake ikaelewa. Nusu nyingine bado. Esaaba akaenda kuomba wiki mbili za kurudi nyuma.

"Wiki mbili?" Arkorful akasema. "Mkaguzi anakuja Alhamisi. Andika limeeleweka, mwanangu, tusonge mbele. Au unataka nikuombee uhamisho wa visiwani, ukafuate mshahara kwa mtumbwi?"

Darasa lililosukumwa mbele hivyo mwaka juzi halikufaulisha hata mtoto mmoja. Leo wanapakia mchanga kwenye malori. Wengine wamesahau. Mimi bado.

Alhamisi akaja mkaguzi, Bwana Quansah, mzee wa sauti ya upole. Akapitisha mkono juu ya dawati la mbele. "Nilisoma humu humu," akawaambia watoto. "Kwenye madawati haya haya."

Esaaba akauliza: robo na thumuni, ipi kubwa?

Mikono yote juu. Arkorful, nyuma ya mgeni, akamwonyesha kwa macho kiganja cha Kuukua. Esaaba akakiruka. Akachagua ngumi.

"Ebo."

Ebo akautazama mkono wake kama umemsaliti. "Madam, mimi nimekunja."

"Nimeona. Sema tu."

"Sijui."

Arkorful akapaliwa na karanga. Esaaba akamgeukia mkaguzi, akamwaga yote: ngumi, viganja, kujipima kwa Ijumaa. "Nusu yao hawajaelewa, Mzee, na kosa ni la ufundishaji wangu. Sasa nimejua nilipowapotezea. Ukiandika ulichoona, nitapewa wiki zangu mbili. Ukiandika limeeleweka, hawa ndio basi."

Quansah alimsikiliza hadi mwisho. Akavua miwani, akafuta macho. Arkorful alikuwa analowa jasho hadi kolani.

"Binti yangu," mkaguzi akasema, "tangu nianze kazi hii sijaona mwalimu anayejisaili hivi. Umeniumiza moyo. Nimekuelewa neno kwa neno."

"Kwa hiyo utaandika ulichoona?"

"Nitaandika. Naapa mbele ya watoto hawa."

Esaaba akashusha pumzi. Machozi yalimlenga. Mzee akanyoosha mkono wake wa kulia juu kabisa, kama mwanafunzi aliyefunzwa vizuri, darasa zima lione.

Ebo ndiye aliyeona kwanza.

Ulikuwa ngumi.

Na wewe? Nyoosha wako, sasa hivi. Nionyeshe kiganja.