Rangi ya Krimu

Wiki tatu Siwatu alisugua grisi chini ya boneti ya gari la Pijo la marehemu baba yao, akapiga msasa mpaka vidole vikachubuka. Sasa ilibaki kupuliza rangi tu. Kaka yake Msellem, ambaye siku ya arobaini ya baba aliapa mbele ya watu kwamba gari hilo haliuzwi, alimletea magazeti ya kufunikia injini.

"Ipendeze, dada," alisema, akaenda kunywa chai barazani.

Siwatu alikuwa akibandika ukurasa wa mwisho juu ya injini alipoiona namba ya simu ya Msellem. Lilikuwa tangazo la juzi: *Pijo ya zamani inauzwa. Imepakwa rangi upya hadi chini ya boneti.*

Alilisoma mara mbili. Kisha akaliziba kwa kiganja cha kushoto na kupuliza rangi kote. Alipoutoa mkono, ulikuwa na rangi ya krimu hadi kwenye kifundo cha mkono, na tangazo lilikuwa kavu, linasomeka neno kwa neno.

"Kaka, njoo uone kama nimeipatia."

Msellem akaja na kikombe chake, anatabasamu, akainama chini ya boneti.