Mlio wa Mashine ya Yunusu

"Washa tena," alisema Mwanahija, akafumba macho.

Fundi Sebastiani akavuta kamba kwa mara ya tatu. Mashine ya kupulizia dawa ya salfa kwenye mikorosho, ile ya kubebwa mgongoni kama mtoto, ikanguruma juu ya meza yake pale Kilwa Masoko. Ikapanda, ikazama, ikakohoa.

"Siyo," alisema Mwanahija.

Sebastiani akaizima. "Shemeji, kazi hii nina miaka kumi na tisa. Mteja wa kuchagua kabureta kwa kufumba macho sijawahi kumwona. Halafu umepotea! Tangu mwezi wa nne?"

"Nilikuwa ndani."

"Na mwenyewe je?"

"Yuko shamba."

"Yunusu na mikorosho yake!" Fundi alicheka. "Angekuja yeye hapa, dakika mbili tu. Bisibisi mkononi, sikio kwenye mashine, kwisha. Nani kaichezea?"

"Shamte, mdogo wake. Aliichukua msimu huu. Siku ya kwanza tu akazungusha skrubu, ikaanza kulia kama mbuzi. Mama mkwe akasema, huyo anayepulizia mimi simjui."

"Kwani bibi naye fundi?"

"Macho yamekwisha, lakini mlio huo anaujua. Nami nimejaribu kuirudisha. Sijui skrubu ilikuwa inakaa wapi."

"Si umuulize mwenyewe?"

Mwanahija alichukua kitambaa, akapangusa oili pembeni mwa meza. Alipangusa mpaka pale mahali pakang'aa.

Sebastiani akaweka kabureta mbili mbele yake. "Hii ya skrubu, kama ile yenu. Spea zake zipo kila duka, ila inataka mtu mwenye sikio. Asubuhi kuna umande, unaiweka hivi. Mchana jua likiwaka, unaiweka vile. Hii nyingine inajirekebisha yenyewe, hewa na petroli inajipimia. Haina cha kuzungusha. Mashine italia sawasawa akiishika Shamte, ukiishika wewe, akiishika yeyote."

"Sawasawa kama vipi?"

"Kama inavyotakiwa. Mtu niliyemsikia akiifanya ya skrubu ilie hivyo ni mmoja tu, na huyo unalala naye."

"Funga hiyo isiyo na skrubu."

"Nitaifunga. Lakini shemeji, huu mwezi wa kumi. Watu wanaokota korosho, salfa imekwisha tangu mwezi wa nane. Haraka ya nini?"

"Mama hali."

Fundi akaacha kufungua nati.

"Anasahau," alisema Mwanahija. "Bakuli liko mkononi anauliza kama amekula. Ukimwambia jambo leo, kesho ni jipya, na ukimwambia tena analia upya. Kuna mambo tumeacha kumwambia. Lakini kila asubuhi anataka kwanza asikie mashine ya mwanawe ndipo ale. Wiki ya pili sasa anakunywa maji tu. Anauliza, Yunusu kaenda wapi, mbona hapulizii?"

"Si mumwambie msimu umekwisha?"

"Umekwisha kwako na kwangu. Kwake yeye bado ni Juni."

Sebastiani alitikisa kichwa, akarudi kwenye nati zake. "Basi Yunusu ana kazi. Kuamka alfajiri kuwasha mashine ya bure, mama apate kula! Watoto wa namna hiyo wamebaki wangapi?"

Mwanahija alikaza upande wa kanga yake kiunoni, akaulegeza, akaukaza tena.

Kabureta ikakaa mahali pake. Fundi akasafisha chujio la hewa, akamimina petroli iliyochanganywa na oili, akavuta kamba. Mashine ikaamka. Mlio ulipanda taratibu, ukafika pale unapofika, ukatulia hapohapo, mnene, hauna kikohozi.

Mwanahija alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa yamelowa.

"Sogea upande huu," Sebastiani alipaza sauti, "moshi huo!"

"Ndiyo hiyo," alisema Mwanahija. "Ndiyo yenyewe."

Kabureta kuukuu fundi alitaka kuitupa kwenye boksi la vyuma chakavu. Mwanahija akanyoosha mkono. Akaifunga kwenye gazeti, akaitia katika mkoba wake, chini kabisa.

"Mfuko mmoja wa salfa nikuwekee wa mwakani?"

"Salfa sitaki."

"Haya. Msalimie mwenyewe."

"Nitamsalimia."

Asubuhi iliyofuata, umande haujakauka, mama mkwe, Bibi Kadija, alikuwa amekaa kitandani, uso umeelekea ukutani. Jirani yao Theresia alishika bakuli la uji wa mtama na kijiko.

"Yunusu kaenda wapi?" aliuliza bibi. "Mbona hapulizii?"

"Subiri kidogo, mama."

"Namsubiri toka lini!"

Hapo, kutoka nyuma ya nyumba, mbali kidogo kwenye mikorosho, mashine ikaamka. Mlio ukapanda taratibu, ukafika pale unapofika, ukatulia.

Bibi Kadija akageuza kichwa. Mikono yake ikaanza kutafuta bakuli hewani.

"Haya, huyo ndiye mwanangu," alisema. "Lete uji. Na yeye mfunikieni wake, asije akaukuta umepoa."

Alikunywa wote. Theresia akamfuta kidevu.

Kule shambani Mwanahija alisimama ndani ya mabuti ya mumewe, yanayompwaya, mashine mgongoni, tangi la salfa tupu. Akauelekeza mpira wa kupulizia chini, na upepo ukayasukuma majani makavu ya mkorosho, moja moja, mpaka kaburi la Yunusu likawa safi.