Miwani ya Ugenini
Huku ugenini, duka likikuuzia miwani, lenyewe huona kupitia miwani hiyo kila unachokiona, ila ukikataa kwa mdomo wako, kwa lugha yao. Muuzaji aliniuliza. Niliona haya kusema sijaelewa, nikaitikia ndiyo, tena nikicheka. Na mimi ndiye niliyemlaani babu yangu miaka arobaini kwa kutia dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, wazungu wakachukua shamba!

Sasa mke wangu Mwanakombo anavaa buibui hadi chumbani.

“Mdomo wote ule wa mikutanoni, Baba Shomari, ukashindwa kukataa?”

“Sikujua kwao wanakataaje.”

“Haya, ivue basi, nibadili nguo.”

Nikaivua, nikaifunika kwa mto. Mwanakombo akabaki kivuli tu machoni pangu, na kivuli hicho bado kilinipa mgongo.