Moja, Mbili, Nne

Tabitha alipekua makabati yote, lakini picha ya marehemu mumewe hakuiona. Alikuta za nyota, za nyuki, za sataranji, na za mashine alizozisanifu mwenyewe. Uso wake haukuwemo hata kwenye moja.

"Shemeji, kaka kapiga picha mji mzima, yeye hana?" Elieza aliuliza. "Kesho ndiyo arobaini, watu watamwona wapi?"

"Si alikuwa nyuma ya kamera siku zote!"

Mezani kulikuwa na kamera ya mwisho aliyoiunda, ya kupiga picha yenyewe. Labda kabaki humo. Tabitha akabonyeza kitufe, akarudi kukaa kwenye kochi. Sauti ya mumewe, aliyoirekodi humo, ikatoka, nzima kabisa: "Tayari? Moja, mbili, nne!"

Ndivyo alivyohesabu siku zote, ili watu wacheke.

"Na tatu umempelekea nani, we mzee?" Tabitha akaropoka kama alivyozoea, huku akicheka.

Kamera ikamulika, ikatema picha. Elieza akaichukua, akaitazama. Pichani Tabitha alikuwa anacheka, kajisogeza pembeni ya kochi, kamwachia mtu nafasi.

"Kesho weka hiyo," Tabitha akasema.