Mabenchi ya Mwinjilisti

Lori la kumrudisha kwao lilikuwa limeshapiga honi, na Mwinjilisti Elikana bado anayasaka mabenchi ya kanisa. Upepo uliezua paa, kwaya ikahamia kwingine, na Jumapili iliyopita alihubiri mpaka sauti ikamkauka mbele ya mabenchi matupu. Sasa hata hayo matupu hayapo.

Aliyakuta kwa Mama Nyamizi, yamepangwa chini ya turubai. Mumewe alifariki alfajiri, na majirani wakafanya wanavyofanya siku zote penye msiba: wakaenda kuchukua vya kukalia palipo navyo. Hakuna aliyekumbuka kumwita yeye aje kuomba.

Hasira ikampanda. Mabenchi yale aliyaranda kwa mikono yake mwenyewe, akijiambia kila moja litabeba watu sita. Alitaka kuwaambia wainuke, apakie vyake, aende zake na mji wao auache ulivyo. Akafungua kinywa.

"Pole, mama," ndilo lililomtoka.

"Tumeshapoa, mwalimu." Mama Nyamizi alipangusa macho kwa ncha ya kanga, akawageukia waombolezaji. "Jamani, sogeeni, mwinjilisti akae."

Wakasogea, huyu akimsukuma yule, bega kwa bega, mpaka ukingoni ikapatikana nafasi ya kiganja tu. Benchi lilikuwa limejaa. Elikana akakaa, nusu mwili benchini, nusu nje.

Barabarani honi ikalia tena, safari hii kwa muda mrefu. Akakaza mguu chini, asianguke.